Siku ya Tatu, Kupanda Wundanyi

Kiti cha abiria cha pikapu ya timu kilikuwa kimesukumwa nyuma hadi mwisho kwa ajili ya miguu mirefu ya Mwalimu Titus, na bintiye Wakesho, aliyeshika nafasi yake, hakuwa na moyo wa kukisogeza mbele. Siku zote za mbio alikaa humo kama mtoto kwenye kiti cha mtu mzima, daftari la baba yake mapajani, na kila Kasyoki alipokanyaga breki yeye aliteleza.

"Funga mkanda, mama," Kasyoki alimwambia asubuhi ile ya Jumamosi, nje ya uwanja pale Voi. "Nikikugongesha kwenye kioo, mama yako Tryphena atanizika mimi tena."

Mara akakumbuka alichokisema, akashuka garini kujifanya anaangalia magurudumu. Mwalimu Titus alikuwa amezikwa Ronge wiki mbili kamili zilizopita, Jumamosi kama hiyo. Kasyoki alikuwa amemwendesha kwa miaka tisa.

Timu ilikuwa ya Mwalimu tangu mwanzo. Alipostaafu ualimu wa shule ya msingi alikusanya vijana watano wenye baiskeli huko Mbololo, akawafundisha jambo ambalo wengi hawalijui kuhusu mchezo huo: kwamba mshindi ni mmoja lakini miguu ni kumi. Mtu anayekaa nyuma ya mwenzake hakutani na upepo, hivyo huokoa nguvu. Wanne wanajichosha mbele ili wa tano afike kwenye mlima akiwa bado mzima. Na katika mbio za siku nne kama hizi, saa za kila siku hujumlishwa. Anayeongoza kwa jumla huvaa jezi ya njano mpaka atakapopokonywa.

Wa tano huyo, kwa miaka yote, alikuwa Hudson. Alizaliwa Ronge, nyumba ya tatu kutoka kwa Mwalimu, na alijifunza kupanda milima kwa kupeleka ndizi sokoni Mwatate na kurudi na unga. Mwalimu alipolazwa mwezi wa pili, kifua kikiwa kimeanza kumshinda, aliomba daftari na kalamu akaandika mpango wa siku zote nne. Siku ya tatu, siku ya kupanda Wundanyi, aliiandika kwa mistari miwili tu. Hudson. Wote kwa Hudson mpaka juu.

Lakini mambo yalikuwa yamekwenda kombo tangu Alhamisi. Siku ya kwanza, kutoka Voi hadi Taveta, Mumo alitumwa achomoke mbele mapema ili timu nyingine zijichoshe kumfukuza. Mumo alikuwa kijana wa Kikamba aliyekulia Voi mjini, mwaka wake wa kwanza kwenye timu, na hakuna aliyemjua. Basi hawakumfukuza. Upepo ukamkamata mgongoni kule Maktau, akafika Taveta peke yake, ameshangaa kuliko watazamaji. Ijumaa walipunguza pengo, lakini Jumamosi asubuhi bado alikuwa na jezi ya njano, dakika moja na sekunde hamsini mbele ya namba kumi na moja, yule mpandaji hodari wa timu ya Eldoret. Hudson alikuwa nyuma ya namba kumi na moja kwa dakika nzima.

Wakesho aliwaangalia wakinywa chai kando ya gari, kila mmoja na kitambaa cheusi mkononi. Chai ya Hudson ilikuwa imeshika utando. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu. Jana yake, kwenye kilima kisicho hata na jina, alikuwa ameachwa na kundi kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, na ni Mumo, na jezi yake ya njano, aliyerudi kumvuta.

Wakesho alijua sababu, na hakuhitaji daktari. Baba yake alipofariki, Hudson aliiweka baiskeli ukutani. Ndiye aliyekwenda mochari. Ndiye aliyekesha na waombolezaji usiku wote wa matanga. Ndiye aliyeongoza vijana kuchimba kaburi, na ardhi ya pale nyumbani ni mawe matupu. Walivunja nyundo mbili. Baada ya mazishi alibaki siku nne nyingine akimkatia mama yake Wakesho kuni na kushusha maturubai. Siku kumi na moja hakukanyaga pedali. Mwili wa mwanamichezo hausamehe siku kumi na moja.

Mumo alikuja siku ya mazishi, akatoa rambirambi, akaondoka. Siku zile nyingine alionekana alfajiri kwenye barabara ya Mwatate, ameinama juu ya usukani, anakwenda. Akina mama waliokuwa wakienda matangani walimwona. "Maiti hata haijaenda chini, huyo anafanya mazoezi," walisema, na maneno yakafika mpaka jikoni. Wakesho mwenyewe aliyasikia, akayaamini.

"Soma basi, tuondoke," alisema Hudson.

Wakesho alifungua daftari. Alikuwa na maneno yake mdomoni, aliyokuwa ameyapanga tangu alipoamka: kwamba leo tumfanyie kazi Mumo, kwamba Hudson apumzike. Aliangalia mikono ya Hudson. Malengelenge ya nyundo yalikuwa yamekauka yakawa magamba. Angemwambiaje mtu mwenye mikono ile?

"Hudson," alisoma. "Wote kwa Hudson mpaka juu."

"Amina," alisema Kasyoki, kama vile ni kanisani.

Mumo aliinua macho kidogo, akayashusha. "Sawa," alisema. "Nikikusukuma sana uniambie, kapteni."

"Wewe utanisukuma mimi? Wewe nyonga pedali tu, njano yako isije ikachujuka kwa jasho," Hudson akamjibu.

Wakacheka wote, hata Hudson mwenyewe. Wakesho alifunga daftari akiwa na hisia ya mtu aliyepita karibu na nyumba inayowaka asibishe hodi.

Kutoka Voi hadi Mwatate hakuna kilichotokea. Mashamba ya mkonge yalipita pande zote mbili, kundi likawa moja, watu themanini wakivuma kama nyuki. Walikwenda hadi Bura wakageuka, na upepo sasa ukawa wa usoni. Austin na wengine wawili wa Mbololo wakakaa mbele kumkinga Hudson, zamu kwa zamu, mpaka kundi lilipoingia tena Mwatate na kukata kushoto, pale barabara inapoanza kupanda. Hapo watatu hao walikuwa wamekwisha. Walijitoa pembeni, mmoja baada ya mwingine, wakabaki Hudson na Mumo.

Kona ya tatu, namba kumi na moja alisimama kwenye pedali akaondoka.

Hakuondoka kwa fujo. Aliondoka kama mtu anayenyanyuka mezani. Mumo aliinuka naye, akaenda mita kumi, kisha akageuza kichwa. Hudson hakuwepo. Mumo akakaa, akamsubiri.

"Sasa huyo anafanya nini?" Kasyoki aliuliza, ingawa alijua.

"Anafanya tulichomwambia," alisema Wakesho.

Pikapu ilikuwa mita hamsini nyuma yao. Aliona yote kupitia kioo kichafu: Hudson anatikisa mabega, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, Mumo mbele yake, mwendo wa mtu anayetembea na mgonjwa, anageuka kila mara. Watu walijaa kando ya barabara kuanzia Dembwa. Wengi walikuwa wa huko huko, waliomjua Hudson tangu alipobeba ndizi.

"Panda, Hudson! Panda mwanangu!"

"Wewe wa njano, si unamzuia! Toka mbele!"

"Hao wa Mbololo wamechelewa kutoka matangani!" alipiga kelele kijana mmoja juu ya ukuta, na mama aliyekuwa chini yake akamchapa mguu kwa kanga.

Pikipiki ya waamuzi ilipita na ubao wa kuonyesha pengo. Sekunde arobaini. Kona mbili baadaye, dakika moja na sekunde tano. Wakesho alihesabu kwa vidole juu ya daftari. Ikifika dakika moja na sekunde hamsini, jezi imekwenda, na Hudson hawezi tena kuipata hata kama angeota mabawa. Watapoteza yote mawili. Timu nzima itamaliza mlima ikiwa imetii kila neno na haina kitu mkononi.

"Mzee Kasyoki," alisema. "Omba ruhusa tusogee."

"Kufanya nini?"

"Kumwambia Mumo aende."

Kasyoki hakuongeza mwendo. "Mama," alisema taratibu, "mimi ni dereva. Lakini haya ni maneno ya marehemu. Hajamaliza hata mwezi ardhini. Watu watasema umemgeuka kabla udongo haujakauka."

"Watasema."

"Na Hudson je?"

Wakesho alitoa mkono dirishani akampungia mwamuzi wa pikipiki, naye akawaruhusu kwa kidole: mara moja, haraka. Kasyoki alipiga honi, akasogea mpaka dirisha likawa sambamba na jezi ya njano.

"Mumo! Nenda! Usimngoje!"

Mumo alimtazama kana kwamba amesemeshwa kwa lugha ya kigeni. Jasho lilikuwa likimdondoka kwenye ncha ya pua. "Mwalimu alisema wote kwa Hudson."

"Mimi ndiye nasema sasa."

"Dada, samahani." Alihema. "Mimi sikukesha. Sikuchimba. Watu wamenisema, na mimi najua wamenisema. Mimi kwa kulia sijui, najua hii tu ya kunyonga. Nilikuwa namlilia huku barabarani. Sasa nikimwacha huyu leo, hapa, mbele ya watu wa kwao, nitaishi wapi?" Alirudisha macho barabarani. "Aniambie yeye mwenyewe. Yeye ndiye kapteni."

Ubao tena: dakika moja na sekunde ishirini na tano.

Wakesho alikuwa amefikiri kazi ngumu ni kumwambia Mumo. Kumbe hiyo ilikuwa njia ya kuikwepa ile ngumu yenyewe.

"Rudi nyuma kidogo," alimwambia Kasyoki.

Hudson hakugeuka gari lilipofika ubavuni mwake. Mdomo ulikuwa wazi, chumvi nyeupe pembeni mwa midomo. Kwa karibu namna ile Wakesho aliweza kusikia pumzi yake, na ilikuwa inakwaruza.

"Hudson."

"Naja. Nipe kona mbili. Nitapona."

"Hutapona leo. Mwachilie Mumo."

Alinyonga mara nne, tano. "Mwalimu aliandika."

"Aliandika mwezi wa pili." Wakesho alishika ukingo wa dirisha. "Aliandika akijua atakuwa kwenye hiki kiti. Hakujua atakufa, Hudson. Hakujua kwamba ni wewe utakayemchimbia. Kama angejua nguvu zako zitaishia pale kwenye mawe, unadhani angeandika vile?"

Walipita kona nzima sambamba, gari na baiskeli, na watazamaji wakidhani anapewa maji wakampigia makofi.

"Mimi nilikuona," alisema Wakesho. "Siku zote kumi na moja. Mama alikuona. Hakuna mtu wa nyumba yetu atakayekudai mlima tena. Lakini Mumo hataki kwenda mpaka umwambie wewe, na muda unaisha."

Hudson aliinamisha kichwa mpaka kofia yake ikakaribia kugusa usukani, na Wakesho akadhani ndiyo anaanguka. Kumbe alikuwa anabadilisha gia. Aliweka nzito. Akainuka.

"Mumo!" aliita. Sauti ilitoka kama ya mtu mwenye mafua. "Shika gurudumu langu!"

Akampita Mumo. Alipita kwa nguvu ambazo hazikuwa zake, au zilikuwa zake za kesho na keshokutwa, na Mumo akaruka nyuma yake. Umati ulipokea kwa kelele za ajabu. Walidhani Hudson amefufuka, ndiye huyo, anakwenda kumkamata wa Eldoret. Ni wale wa garini tu waliojua kwamba anamvuta mwenzake. Alikwenda hivyo kona moja. Alikwenda kona ya pili. Kasyoki alikuwa anasema peke yake, "Pole pole, pole pole, atapasuka," na mkono wake umeshika honi asiipige.

Kisha Hudson akasogea kushoto, akakunjua kiwiko nje, ile ishara ya wanabaiskeli ya kusema pita. Mumo alipokuwa anapita, Hudson alimgusa kiunoni kwa kiganja na kumpa msukumo mdogo, ambao mwamuzi aliuona na kuamua kutouona.

"Nenda," alisema. "Usiangalie nyuma. Ukiangalia nyuma nitakupiga."

Mumo akaenda.

Gari la timu humfuata aliye mbele, ndiyo kanuni. Kasyoki aliongeza mwendo, wakampita Hudson, na Wakesho hakupata hata nafasi ya kumpa maji. Alimwona kwenye kioo cha pembeni akiyumba kutoka ukingo hadi ukingo, kisha mguu mmoja ukatua chini, kisha kona ikamficha.

Ubao ulisema dakika moja na sekunde arobaini. Mita elfu mbili zilizobaki Wakesho hakuzikumbuka vizuri baadaye. Alikumbuka mgongo wa Mumo, bapa, hautikisiki, na mtu mmoja mwenye jembe begani akikimbia sambamba naye shambani kwa juu, anapiga mbinja. Pengo halikuongezeka tena. Namba kumi na moja alivuka mstari Wundanyi mjini, mikono juu. Wakesho akaanza kuhesabu kwa simu. Mumo alipovuka, simu ilisema dakika moja na sekunde thelathini na sita.

Zilibaki kumi na nne. Jezi ilikuwa bado yao kwa sekunde kumi na nne.

Kasyoki alizima injini akaweka paji la uso kwenye usukani. Mumo alikuwa amekaa chini kwenye lami, mgongo kwenye gurudumu la gari la mtu mwingine, na watu walimpiga picha bila kumsogelea, kama wasiojua kama ni wa kusifiwa au wa kulaumiwa. Mzee mmoja mwenye koti la kanisa alikuja mpaka dirishani kwa Wakesho.

"Binti ya Mwalimu," alisema, bila hasira. "Tumesikia umemtoa Hudson. Kijana aliyemlaza baba yako."

"Ndiyo, baba."

"Kweli?"

"Ndiyo."

Mzee alitikisa kichwa, si kukataa si kukubali, akaondoka. Wakesho alishuka garini akasimama barabarani, upande wa kutokea mlimani. Baiskeli zilikuja mojamoja, kisha kwa makundi. Austin alikuja. Wale wengine wawili wakaja, wakiulizia jezi kabla ya kusimama. Hudson hakuonekana. Dakika tisa, kumi. Alikuwa ameanza kutembea kushuka alipomwona akitokea, ameketi wima kama mtu anayetoka sokoni, gia ndogo kabisa, na akina mama wanne wakitembea kando yake bila shida.

"Usikimbie hivyo, Hudson, utatuacha!" mmoja alimtania.

"Mama, nipunguzie," alisema Hudson.

Alipovuka mstari Wakesho alimshika baiskeli, akashuka kwa kuegemea bega lake. Alikuwa mzito na baridi. Wakakaa wote wawili ukingoni mwa barabara. Mumo alikuja na chupa ya maji, akasimama mbele yao, hakujua aiweke wapi.

"Ngapi?" Hudson aliuliza.

"Kumi na nne."

"Zetu au zao?"

"Zetu."

Hudson alichukua chupa, akanywa, akajimwagia iliyobaki usoni, na uso ulipolowa ndipo alipolia. Alilia kama anayetapika, mabega yote, bila kuficha. Siku zote za matanga, mikesha yote, kaburini, hakuna aliyekuwa amemwona akilia. Alikuwa mtu wa kubeba viti. Mumo alichuchumaa karibu naye. Hakumgusa, lakini hakuondoka.

Ilipopungua, Wakesho alisema, "Nilitaka kukwambia asubuhi. Nikaogopa. Ningesema asubuhi tungekuwa na dakika nzima, si sekunde kumi na nne."

Hudson alijifuta kwa kitambaa cheusi. "Asubuhi ningekataa," alisema. "Ningeona umenidharau. Ningekwenda huko mbele kukuonyesha, tukapoteza kila kitu." Alivuta pumzi, ikakwaruza. "Ilibidi niishiwe nguvu kwanza."

Kasyoki alikuwa amewaletea mahindi ya kuchoma, akayagawa bila kumtazama mtu. Kesho yake kulikuwa na siku ya mwisho: kushuka mlima wote, kurudi Voi, na mizunguko mitano mjini. Namba kumi na moja angekuja kuzitafuta zile sekunde kumi na nne kwa kila njia aliyoijua.

"Sasa kesho tunafanyaje?" Hudson aliuliza.

Alimwuliza Wakesho. Austin na wengine wakasogea kumsikiliza.

"Kesho wote kwa Mumo," alisema. "Austin na wenzake wamzunguke kwenye mteremko, asikae pembeni hata dakika moja. Mjini tusimwache namba kumi na moja apumue." Akamgeukia Hudson. "Wewe miguu huna. Mbele hutaweza. Utakaa nyuma, unakuja garini kuchukua chupa, unawapelekea."

Kapteni wa miaka tisa kupelekea wengine maji, mbele ya Voi nzima. Mumo aliangalia chini. Kasyoki aliacha kutafuna.

Hudson alikwangua punje za mahindi kwa kidole gumba, akazitia mdomoni, akazitafuna mpaka zikaisha.

"Chupa ngapi?" aliuliza.

"Za wote. Nane kwa mara moja, ukiweza."

"Nane zitaingia wapi?"

"Mgongoni, ndani ya jezi," alisema Mumo haraka. "Nitakuonyesha. Ni baridi vibaya sana mwanzoni."